Soko la Krismasi na Wenyewe

Ijumaa iliyo kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, saa kumi na moja na nusu jioni, watu maelfu kwa maelfu husimama wakibanana katika uwanja wa soko kuu la mji wa Nuremberg, huko Ujerumani ya kusini. Baridi huwa kali hata pumzi ya kila mtu huonekana kama moshi. Taa huzimwa. Kisha juu, katika roshani ya Kanisa la Bibi Yetu, hutokea msichana aliyevaa nguo nyeupe na dhahabu, kichwani ana taji, na nywele za rangi ya dhahabu zimemwangukia mabegani. (Nywele hizo ni za bandia, wala hakuna anayefichwa jambo hilo.) Huyo huitwa Mtoto Kristo. Huwakaribisha wote waliofika, wakubwa kwa wadogo, wenyeji kwa wageni, na akiisha kusema, taa huwashwa na biashara huanza.

Wageni wengi huuliza kwa nini Mtoto Kristo awe msichana. Zamani watoto wa Ujerumani walipewa zawadi zao tarehe 6 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikolasi. Yalipokuja mageuzi ya dini katika karne ya 16, Waprotestanti hawakupenda sana mambo ya kuwaadhimisha watakatifu, wakaihamisha desturi ya zawadi mpaka Krismasi yenyewe, wakawaambia watoto kwamba aletaye ni Mtoto Kristo. Katika michoro na maigizo ya miaka mingi mletaji huyo akafanana na malaika, na malaika naye akafanana na msichana. Mji wa Nuremberg ulifuata mageuzi hayo tangu mwaka 1525, na soko lake likaitwa Christkindlesmarkt, maana yake Soko la Mtoto Kristo.

Siku nyingine za mwaka uwanja huo ni soko la mboga, matunda na maua. Kaskazini ya mji kuna bonde kubwa la wakulima wa mboga ambalo wenyeji huliita Nchi ya Vitunguu Saumu, na mazao ya huko huuzwa hapo. Ikija Krismasi wauza mboga husogezwa kando, na mahali pao husimamishwa vibanda vya mbao vipatavyo 180, vyenye mapaa ya turubai la mistari myekundu na myeupe. Kwa muda wa majuma yapata manne watu kama milioni mbili hupita katika vichochoro vya vibanda hivyo. Hapana kiingilio. Mwenye fedha hununua, na asiyekuwa nayo hutazama, hunusa, hukutana na rafiki zake, akarudi kwake ameridhika.

Mtu aliyezoea gulio la kwetu ataona mara moja tofauti moja kubwa: hapo hapana kupatana bei. Bei imeandikwa, na muuzaji hapunguzi hata senti. Kwa hiyo werevu wa mnunuzi hauko katika ulimi bali katika miguu. Wenyeji huzunguka soko zima mara moja bila kufungua mkoba, wakitazama nani ana nini na kwa bei gani, na mzunguko wa pili ndio wa kununua. Tena hawaendi Jumamosi jioni, wakati mtu huchukuliwa na umati kama kijiti mtoni na kujikuta mbele ya kibanda ambacho hakukitaka. Huenda asubuhi ya Jumanne au Jumatano, muuzaji akiwa bado ana nafasi ya kueleza bidhaa yake ilivyotengenezwa, na nani aliyeitengeneza.

Na hapa ndipo penye ladha ya soko hilo. Baraza la mji limeweka masharti. Mashada ya matawi ya plastiki hayaruhusiwi. Muziki wa Krismasi wa kwenye mashine hauruhusiwi. Anayetaka muziki hungoja tarumbeta na kwaya za watu wenye mapafu. Pembea za watoto hazikai katika uwanja mkuu, bali zimepewa uwanja wao hatua chache kutoka hapo, ambako watoto huruhusiwa hata kuoka na kutengeneza mishumaa kwa mikono yao. Wanaoomba nafasi ya kibanda ni wengi kuliko nafasi zenyewe, na baadhi ya vibanda vimo mikononi mwa jamaa zile zile, babu akimwachia mwana, na mwana akimwachia mjukuu. Kila mwaka vibanda vizuri kuliko vyote hupewa tuzo ya dhahabu, fedha na shaba, na mshindi hupokea sanamu ya mtu wa plamu.

Mtu huyo wa plamu hana budi kuelezwa. Ni mwanasesere mdogo, urefu wake wapata shubiri. Mikono na miguu yake ni plamu zilizokaushwa zikatungwa katika uzi wa chuma, na kichwa chake ni kokwa ya jozi iliyochorwa macho na mdomo. Huvikwa nguo za kazi: huyu ni mfagia mabomba ya moshi, yule ni mwalimu, mwingine ni bibi wa sokoni na kapu lake. Yaonekana ni jambo la mchezo, lakini hapana hata wawili wanaofanana, na mtengenezaji hodari huweza kumpa plamu uso wa ukali hata mtoto akacheka. Mwanasesere huyo haliwi. Huwekwa kabatini akakaa miaka mingi, na huzidi kukunjamana kama mzee wa kweli.

Jirani yake huning'inia malaika wa dhahabu, ambaye si wa dhahabu bali ni wa bati jembamba la shaba, lililopigwa likawa kama karatasi. Upepo ukipita, mabawa yake hutoa mchakato mdogo. Kuna pia nyota za nyasi kavu, mipira ya kioo ya kutundika mtini, vinyago vya mbao vya zizi la Bethlehemu, na mishumaa ya nta ya nyuki. Baba wa nyumba mara nyingi hudhani atanunua mshumaa mmoja tu.

Lakini bidhaa iliyoufanya mji huo ujulikane ni maandazi ya asali na viungo, ambayo Wajerumani huyaita Lebkuchen. Msitu uliozunguka mji ulikuwa na nyuki wengi, na wapakuaji wa asali walikuwa na haki zao za kisheria tangu zamani za wafalme. Tena mji ulisimama penye njia panda za wafanya biashara, viungo vikija kutoka Venice. Asali ikakutana na mdalasini, karafuu, iliki na kungumanga, na waokaji wakapata chama chao wenyewe mwaka 1643. Unga hulazwa juu ya mkate mwembamba, mweupe kama ule wa sakramenti, ili usigande katika chuma cha tanuri. Aina iliyo bora huitwa Elisen. Sheria yasema sehemu 25 katika 100 za unga wake, kwa uchache, ziwe lozi, jozi au kokwa nyingine za namna hiyo, na unga wa ngano usizidi sehemu 10. Tena tangu mwaka 1996 jina la Lebkuchen ya Nuremberg limelindwa na sheria ya Ulaya, na anayeoka nje ya mipaka ya mji hana ruhusa kulitumia. Mnunuzi hugeuza kopo akasoma maandishi ya chini kabla ya kutoa fedha. Makopo yenyewe hupendeza mno, yana picha za minara na theluji, na aghalabu kopo zuri kupita kiasi huficha andazi la unga mtupu.

Msomaji wa pwani atatambua kitu katika harufu hiyo. Karafuu zilizonukia Nuremberg katika karne za kwanza zilitoka visiwa vya Moluku, mbali mashariki. Lakini katika karne ya 19 miti yake ilistawi Unguja na Pemba hata visiwa hivyo vikawa vya kwanza duniani, na wafanya biashara wa Hamburg na miji mwenzake walifanya mkataba wa biashara na Sultani wa Unguja mwaka 1859. Siku hizi Indonesia ndiyo yenye karafuu nyingi zaidi, ingawa sehemu kubwa huishia katika sigara za wenyewe. Hata hivyo anayesimama mbele ya kibanda jioni ya Desemba, akashika kikombe chenye moto, hushika harufu ya vikonyo vilivyoanikwa juani juu ya majamvi, pengine karibu na bahari yetu.

Kikombe chenyewe ni habari. Ndani yake mna mvinyo mwekundu uliopashwa moto pamoja na sukari, mdalasini, karafuu na maganda ya machungwa. Kwa watoto, na kwa wale wasiotumia kileo, kuna maji ya matunda yaliyotiwa viungo vile vile. Kikombe si cha karatasi wala cha plastiki, ni cha udongo uliochomwa. Mnunuzi huweka rehani ya euro chache, na akirudisha kikombe hurudishiwa fedha yake. Kwa njia hiyo uwanja unaopitiwa na watu milioni mbili haufanyi milima ya takataka. Lakini kila mwaka kikombe huchorwa picha mpya yenye tarehe ya mwaka, na watu wengi huamua kuacha rehani ipotee na kukichukua kikombe. Kuna kabati za jikoni zenye vikombe vya miaka 20, kila kimoja kwa jioni moja na watu fulani.

Chakula kikuu ni soseji za Nuremberg, ndogo kama kidole, urefu sentimita 7 mpaka 9, uzito gramu 20 mpaka 25, zilizochomwa juu ya makaa. Huliwa tatu tatu katika mkate mmoja. Ni za nyama ya nguruwe, basi asiyekula nyama hiyo apite moja kwa moja mpaka kwenye lozi zilizokaangwa na sukari, wala hatakuwa amepoteza kitu.

Karibu na vibanda kuna chemchemi ya mawe, ndefu kama minara ya makanisa madogo, na katika uzio wake wa chuma mna pete ya shaba. Watu huizungusha kwa kutaka bahati. Upande wa mashariki lasimama lile Kanisa la Bibi Yetu, na saa sita ya mchana sanamu za wakuu saba hutoka katika saa yake ya mwaka 1509 na kumzunguka Mfalme Karl wa Nne. Wazazi huwainua watoto mabegani ili waone. Ni wachache wanaomwuliza mfalme huyo kanisa lilipataje kiwanja.

Kiwanja kilikuwa mtaa wa Wayahudi. Mwaka 1349 wakubwa wa mji walitaka nafasi ya soko katikati ya mji, na Mfalme Karl akawapa ruhusa ya kubomoa nyumba za Wayahudi pamoja na sinagogi yao. Tarehe 5 Desemba mwaka huo watu waliinuka wakawaua Wayahudi wasiopungua 562. Kanisa likajengwa mahali pa sinagogi, na uwanja ukabaki kuwa soko. Desemba ya vibanda na Desemba ya mauaji hukutana juu ya mawe yale yale.

Soko la Krismasi lenyewe lilikuja baadaye sana. Ushahidi wake wa kwanza ni kisanduku cha mbao cha umbo la yai, kilichochorwa maua, urefu wake sentimita 19. Kimewekwa katika jumba kubwa la makumbusho mjini humo. Chini yake pameandikwa kwamba msichana mmoja alimpelekea mwenziwe kwa ajili ya Soko la Mtoto mwaka 1628. Hakuna hati ya serikali iliyo kongwe kuliko hiyo zawadi ya rafiki kwa rafiki. Mwaka 1737 orodha ya wenye haki ya kuuza ilikuwa na watu 140, na karibu kila fundi wa mji alikuwamo. Kisha soko likafifia. Mwaka 1898 liliondolewa katika uwanja mkuu, likahamishwa huku na huku kama mpangaji asiyetakiwa.

Walioligundua upya walikuwa Wanazi. Mwaka 1933, mwaka ule ule walioshika serikali, waliurudisha mkutano huo wa vibanda katika uwanja mkuu, ambao walikuwa wameupa jina la Hitler. Wakaweka sherehe ya kufungua, yenye Mtoto Kristo, malaika na kengele, wakalitangaza soko kuwa hazina ya Kijerumani. Miaka miwili baadaye, katika mji huo huo, zilitangazwa sheria zilizowanyang'anya Wayahudi uraia wao. Wakazi wa Nuremberg wa leo hawaifichi habari hii. Roshani, malaika na kengele zimebaki, na kila mwaka huwabidi waamue upya zitangaze neno gani.

Wakati wa vita vya pili vya dunia hapakuwa na soko. Tarehe 2 Januari 1945 ndege za Waingereza zilishusha mabomu, na mji wa kale, sehemu kama 90 katika 100, ukawa vifusi. Watu wapatao 1,800 walikufa. Mwaka 1948 vibanda vilisimamishwa tena katikati ya kuta zilizobomoka. Mwigizaji Sofie Keeser ndiye aliyekuwa Mtoto Kristo, akasema maneno mapya yaliyotungwa na Friedrich Bröger wa jumba la michezo la mji. Watu wengi waliomsikiliza hawakuwa na paa nyumbani. Aliendelea na kazi hiyo mpaka 1960.

Tangu 1969 Mtoto Kristo huchaguliwa kila baada ya miaka miwili miongoni mwa wasichana wa mji. Awe na umri wa miaka 16 mpaka 19, urefu wake usipungue sentimita 160, awe amezaliwa Nuremberg au ameishi huko muda mrefu, na asiogope kusimama juu. Sharti hilo la mwisho lina maana, kwani roshani iko juu sana na theluji huteleza. Akiisha kuchaguliwa hutembelea hospitali, nyumba za wazee na shule, safari nyingi kuliko siku za majira yenyewe.

Mwaka 2019 alichaguliwa binti wa miaka 17 aliyezaliwa Nuremberg, mama yake Mjerumani na baba yake mzaliwa wa India. Tawi moja la chama cha siasa, wala si la mji huo, likaandika katika mtandao maneno ya dhihaka, kana kwamba sura yake ni dalili ya wenyeji kumalizwa katika nchi yao. Maneno hayo yaliondolewa upesi na mkubwa wa tawi akaomba radhi, lakini yalikuwa yamekwisha enea. Watu wengi walijibu kwa maneno ya kumtia moyo. Yeye hakubishana na mtu. Ilipofika Ijumaa yake alipanda ngazi, akavaa taji, akasimama katika roshani ile ile na kusema maneno yale yale ya kuwakaribisha wote. Mwaka wa pili wa zamu yake, 2020, hapakuwa na soko kwa sababu ya korona, wala 2021 halikufanyika.

Hofu ya namna nyingine imeingia pia. Desemba 2016 mtu mmoja aliendesha lori ndani ya soko la Krismasi la Berlin, akaua watu, na Desemba 2024 katika mji wa Magdeburg mwingine alifanya hivyo kwa motokaa. Siku hizi njia za kuingia masokoni zimezibwa kwa vizuizi vizito, na polisi husimama karibu na wauza lozi. Vizuizi hivyo vyagharimu fedha nyingi, na miji midogo yalalamika kwamba haiwezi kulipa. Huko Nuremberg watu huvipita vizuizi, hulazimika kujipanga mmoja mmoja penye nafasi nyembamba, kisha hutawanyika tena wakielekea kwenye harufu ya mdalasini.

Tarehe 24 Desemba saa nane ya mchana soko hufungwa. Jioni hiyo ndiyo ya kutoa zawadi, na baada ya saa sita huonekana hasa waume wenye haraka, ambao hununua kilichobaki bila kuuliza bei. Saa nane wauzaji hushusha mbao za mbele, hufungia malaika katika majani ya karatasi, na hupeana mikono na jirani wa kibanda ambao hawataonana mpaka mwaka ujao. Siku chache baadaye turubai za mistari hukunjwa na uwanja hufagiwa. Wakulima wa Nchi ya Vitunguu Saumu hurudi mahali pao, wakapanga karoti na kabichi juu ya meza.